Foo wili kongwe inagonga nyuma: kutafuta chanzo, na kukaza bolti za mikono inavyopasa

Gari linatoka gereji likiwa na bushi mpya nyuma, zile za mpira zinazokaa kwenye viungo vya mikono. Siku za mwanzo limetulia. Baadaye mlio unarudi pale pale, na mwenye gari anaambiwa kwamba bushi alizouziwa ni feki, anunue nyingine. Feki zipo, sikatai. Lakini nyingi ninazoziona zimechanika kabla ya wakati wake zilikuwa bushi nzuri kabisa. Kilichoziua ni namna bolti zilivyokazwa: gari juu ya jeki, matairi yananing'inia, spana ikavutwa mpaka mwisho, kazi ikaisha.

Ninayoyaandika hapa yanahusu foo wili za zamani ambazo bado zinatuhudumia Unguja na Pemba. Mfano wangu mkuu ni Subaru Forester ya kwanza, ile ya 1997 hadi 2002, lakini mwenye RAV4 ya 1994 hadi 2000 au Escudo kongwe asiondoke. Mpangilio wa nyuma wa magari haya haufanani. Forester ina mikono, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu na chini ya gari, miwili ya kando kila upande, mmoja mbele ya ekseli na mwingine nyuma yake, kisha mkono wa tatu unaoelekea mbele ya gari, na shokapu iliyosimama katikati ya springi. Escudo kongwe ina ekseli moja nzima, ngumu, inayoshikwa na mikono yake. Kanuni ya kukaza ni ile ile kwa yote yenye bushi za mpira.

Kwanza bushi yenyewe

Bushi ya mpira ina vipande vitatu: ganda la chuma la nje lililosukumwa kwa nguvu ndani ya mkono, mpira, na mrija wa chuma wa katikati ambamo bolti inapita. Mpira umegandishwa kiwandani na ule mrija, wala hautelezi juu yake. Unapokaza nati, masikio mawili ya krosmemba (boriti ya chuma chini ya gari inayoshika mikono) yanaubana mrija kutoka pande zote mbili mpaka usiweze kugeuka. Kuanzia hapo, mkono ukipanda na kushuka, kinachojipinda ni mpira peke yake.

Wengi wanadhani bolti ni kama ekseli ndogo na bushi inazunguka juu yake. Kosa lote linaanzia kwenye dhana hiyo. Kama bushi ingekuwa inazunguka, isingekuwa na maana ulikaza gari likiwa juu au chini. Kwa kuwa haizunguki, mkao wa mkono wakati wa kukaza ndio unaokuwa mkao wa mpumziko wa mpira maisha yake yote. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia, mpira umepumzika katika kuning'inia. Ukishusha gari, mkono unapanda na mpira unakamuliwa kama nguo kabla gari halijaondoka hapo lilipo. Kila tuta na kila shimo linaongeza juu ya msokoto ambao tayari upo. Mpira unaanza kupasuka karibu na mrija, mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa hiyo mtu anayeniletea gari linalogonga nyuma, namuuliza kwanza lilifanyiwa nini mara ya mwisho.

Mlio wa kukwaruza, au nyuma kumekaa juu, baada ya kuweka bushi mpya

Hili ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalowagharimu watu bure. Gari likipita tuta polepole linatoa sauti ya mpira unaovutwa, au upande mmoja wa nyuma umesimama juu kidogo kuliko mwenzake ingawa springi ni zile zile. Msokoto wa mpira unasaidia springi kunyanyua bodi, kazi ambayo si yake.

Usinunue kitu chochote kabla ya kujaribu hivi. Liweke gari kwenye shimo la gereji, au lipandishe juu ya mbao nene zilizolala sawa, magurudumu yote manne yakiwa yamebeba uzito. Vuta breki ya mkono, weka kabari. Ingia chini, legeza nati moja ya bushi kwa nusu mzunguko hivi. Ikiwa ilikazwa vibaya, mara nyingi utasikia "tak!" na mkono utashtuka: huo ni mrija unarudi mahali pake. Kaza tena hapo hapo kwa kipimo chake, kisha nenda kwenye bolti inayofuata. Kama mpira haujapasuka, mlio unaondoka siku hiyo hiyo na hujatumia hata shilingi.

"Gdu" ya nyuma kwenye matuta na mashimo ya mwendo mdogo

Hapa watuhumiwa ni kadhaa. Anza na vifimbo vya stebilaiza (vyuma vifupi vinavyoshika fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kwa sababu ni rahisi kuvikagua na huisha mapema. Shika kwa mkono na utikise. Kisha fungua buti, toa zulia la kando, uweke kiganja juu ya kichwa cha shokapu huku mwenzako anaibonyeza gari nyuma. Ukihisi pigo kiganjani, tatizo liko juu.

Hivyo viwili vikiwa salama, shuka chini na mtaimbo mdogo na taa. Gari libaki kwenye uzito wake. Pachika mtaimbo kati ya mkono na krosmemba, upinde kidogo kidogo. Mpira mzima utakubali kidogo na kurudi. Ukisikia chuma kinagonga chuma, mpira umekwisha au bolti imelegea. Kuvitofautisha, tazama pembeni mwa kichwa cha bolti na chini ya nati. Unga mwekundu wa kutu unaotoka kama ungaunga, au duara la chuma linalong'aa penye rangi iliyochakaa, ni ushahidi wa sehemu mbili zinazosuguana. Bolti iliyokaa sawasawa haitoi unga.

Bolti inayolegea, ikikazwa inalegea tena

Kukaza zaidi na zaidi si dawa. Bolti ya mkono haishikilii kwa unene wake. Inashikilia kwa kubana, na msuguano kati ya ncha za mrija na masikio ya krosmemba ndio unaobeba kazi. Chochote kinachopunguza kubana kitaifanya ilegee.

Tazama nyuso zinazobanana. Rangi nene au kutu iliyoachwa katikati husagika baada ya muda, nafasi inazaliwa, na bolti inabaki imekaza hewa. Zisugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, uziache kavu. Tazama nati: zile zenye duara la plastiki ndani hushika vizuri mara ya kwanza, na ukiweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho haifai tena. Tazama urefu: bolti ndefu kuliko ya asili, nati itafika mwisho wa nyuzi kabla haijabana, mkononi utaona imekaza kumbe mrija unacheza. Tazama tundu la sikio: likishakuwa la yai, hapo pana kazi ya kuchomelea kwa fundi anayejua, si kuongeza washa.

Kisha kuna suala la bolti za badala. Tuko kisiwani, maduka ya vifaa vya boti yako karibu, na bolti ya chuma cha pua inang'aa na haishiki kutu, kwa hiyo inavutia. Naomba usiitie kwenye mikono ya gari. Ile ya kawaida yenye alama A2-70 huanza kuvutika kwa mkazo wa megapaskali (MPa) 450 hivi, wakati ya chuma yenye alama 8.8 huvumilia mpaka 640, na ya 10.9 mpaka 900. Bolti nyingi za magari ya Kijapani hazina alama hizo bali tarakimu moja au mbili kichwani, kama 7, 9 au 11. Tafuta ya asili au iliyotoka kwenye gari la aina hiyo hiyo lililokatwa, ikiwa haina kutu wala shingo nyembamba. Angalia na nyuzi. Bolti ya milimita 12 ya duka la ujenzi kwa kawaida ina hatua (umbali kutoka uzi hadi uzi) ya milimita 1.75, ya gari mara nyingi ni 1.25. Nyuzi zikigoma kwa vidole mizunguko ya mwanzo, usizilazimishe kwa spana.

Bolti inazunguka kidogo, halafu inarudi yenyewe

Ukiona hivi, acha spana. Bolti imeshikana na mrija kwa kutu, na unachokizungusha ni mpira. Ukiendelea utauchana.

Kwetu jambo hili ni la kawaida. Upepo wa kusi unaleta chumvi ya bahari moja kwa moja Makunduchi, Jambiani na Paje. Gari linalobeba samaki linadondosha maji ya chumvi chini ya buti. Na wengi huosha magari kwa maji ya visima vya pwani ambavyo vyenyewe vina chumvi. Zaidi ya hapo, foo wili nyingi hupendwa katika mikoa ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo gari huweza kushuka bandarini Malindi au Mkoani likiwa na kutu yake tayari. Kwenye Forester ya kwanza, mkorofi mwenyewe ni bolti ndefu inayopita kwenye nyumba ya beringi (chuma kinachobeba gurudumu) na kuishika mikono yote miwili ya kando kwa pamoja. Ni ndefu, inapita kwenye mirija, na maji hukaa humo ndani.

Utaratibu wangu ni huu. Safisha nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya kabla ya kugusa nati. Mimina mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Zuia kichwa cha bolti, zungusha nati, usifanye kinyume chake. Nati ikitoka lakini bolti haisogei, irudishe nati mpaka ilingane na ncha ya bolti ili nyuzi zisipondeke, ndipo upige kwa nyundo nzito, mapigo machache yenye uzito kuliko mengi mepesi. Moto wa gesi husaidia, lakini unaua mpira, na tangi la petroli haliko mbali. Nautumia pale tu ninapojua bushi itabadilishwa, tangi limekingwa na maji yako karibu. Ikigoma kabisa, ipitishe msumeno wa chuma kati ya bushi na sikio, pande zote mbili. Hapo umekubali kununua bolti na bushi, au mkono mzima, na mara nyingi ni nafuu kuliko siku mbili za kupiga nyundo.

Wakati wa kurudisha, paka grisi ya kuzuia kutu kwenye shina la bolti na ndani ya mrija. Nyuzi usizipake, isipokuwa mwongozo wa gari umesema hivyo: nyuzi zenye grisi hupunguza msuguano, na kwa kipimo kile kile cha spana bolti huvutika kuliko ilivyokusudiwa.

Gari linayumba nyuma, na tairi za nyuma zinalika upande wa ndani

Kwenye Forester hii, ncha ya ndani ya mkono wa nyuma wa kando inashikwa na bolti yenye sahani ya duara iliyopachikwa nje ya kitovu, yenye alama za mistari. Ukiizungusha, tairi linageuka kutazama ndani au nje. Fundi aliyeifungua bila kuweka alama ameshaharibu alaimenti (mwelekeo wa matairi) hata kama kila kitu kimekazwa vizuri. Kabla ya kulegeza, piga mstari wa rangi au wa tindo unaovuka sahani na krosmemba. Na hapa nati ndiyo inayozunguka. Bolti ibaki imetulia.

Kwa gari la magurudumu mawili yanayovuta, tairi kulika ni hasara ya tairi. Kwa gari ambalo yote manne yanavuta muda wote, hasara inaingia ndani zaidi. Tairi lililolika linakuwa dogo, linazunguka mara nyingi zaidi kuliko la mbele, na kifaa kinachogawanya nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi zote nne isizidi milimita 6 hivi. Ikizidi, dalili utaiona unapogeuza kwa kukata usukani wote kwenye eneo dogo: gari linajishika, kama breki haijaachia. Watu hukimbilia kushusha gia boksi kwa jambo lililoanzia kwenye bolti moja ya nyuma.

"Gdu" wakati wa kuondoka au kuachia mafuta, si kwenye mashimo

Hiyo kwa kawaida si mikono. Tazama bushi zinazoshika difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), viungo vya propela na shafti za nyuma. Ikisikika tik-tik wakati wa kona kali, ni kiungo cha shafti. Usikaze mikono kwa kutafuta mlio ambao haupo hapo.

Kukaza kwenyewe

Jeki iwe kwenye ardhi ngumu na stendi za chuma chini ya sehemu za bodi zilizokusudiwa. Tofali usiliweke chini ya gari hata kwa dakika moja. Hupasuka bila kutoa onyo. Kwenye mchanga, weka bamba la mbao pana. Unapolegeza mikono ya foo wili, usiache nyumba ya beringi idondoke: shafti ya nyuma inaweza kuvutika mpaka kiungo chake cha ndani kiachane, na mpira wa breki nao unavutwa. Ishikilie kwa jeki ya pili. Na injini isiwashwe kutiwa gia wakati magurudumu mawili tu yako juu; mawili yaliyo chini yatalisukuma gari kutoka kwenye stendi.

Kabla ya kunyanyua, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kila upande, uandike. Hicho ndicho kimo cha gari likiwa limesimama.

Rudisha bolti zote kwa mkono kwanza, kisha zivute mpaka nati iguse tu, mkono usicheze ovyo lakini mrija bado uweze kugeuka. Weka magurudumu, shusha, sukuma gari mbele na nyuma hatua chache, bonyeza nyuma mara kadhaa. Usiruke hatua hii: gari likishushwa kutoka kwenye jeki, tairi hukwama mahali na mikono haifiki kwenye mkao wake mpaka zizunguke. Sasa ingia chini, ukaze. Kama hakuna shimo wala mbao, acha gurudumu nje, weka jeki chini ya nyumba ya beringi na unyanyue mpaka kile kipimo ulichoandika kirudi, stendi ikibaki chini ya bodi.

Bolti za shokapu kwenye nyumba ya beringi ya Forester hazina bushi, unaweza kuzikaza gari likiwa juu. Za krosmemba kwenye bodi vivyo hivyo. Jicho la chini la shokapu lenye mpira, kama la RAV4, lisubiri uzito. Bushi za plastiki ngumu za poliyurethani kwa kawaida mrija wake huzunguka na zinataka grisi yake maalumu, hivyo mkao hauziumizi sana. Lakini mikono ikiwa na mchanganyiko, kaza yote chini.

Kipimo cha nguvu ya kukaza kiko kwenye mwongozo wa gari lako na hakuna cha badala yake. Bolti za mikono kwenye magari haya kwa kawaida ziko kati ya nyutoni-mita 80 na 140, na zile kubwa za shokapu zinaweza kukaribia 200. Angalia vizio. Vitabu vya zamani vya Kijapani vinaandika kilo-sentimita, ambapo 1,050 ni sawa na nyutoni-mita 103. Vya Kimarekani vinaandika futi-pauni, na moja yake ni nyutoni-mita 1.36. Mtu akisoma 100 ya nyutoni-mita na kukaza 100 ya futi-pauni, amezidisha kwa zaidi ya theluthi moja.

Spana ya kupimia nguvu si kila gereji ya Wete au Micheweni inayo. Mizani ya kuning'iniza, ile ya samaki, inaweza kuziba pengo. Pima nusu mita kutoka katikati ya soketi kwenye mpini, funga kamba hapo, shika mizani kwenye kamba na uvute ukiwa umenyooka pembe mraba na mpini. Mizani ikisoma kilo 20, umekaza nyutoni-mita 98. Ikisoma 25, ni 123. Vuta taratibu, bila kushtua, na soma wakati nati bado inasogea.

Ukimaliza, piga mstari mwembamba wa rangi unaovuka nati na sikio la krosmemba. Baada ya wiki ya kazi ya kawaida, pita na taa: mistari iliyonyooka iache, iliyovunjika ichunguze kwa sababu zilizotajwa juu kabla ya kuikaza upya. Alaimenti ifanywe baada ya hapo, na tairi mpya, kama unazihitaji, zinunuliwe zote nne kwa pamoja.